Mguu Uliovunjika Mara Mbili

Boksi lilikuwa juu ya meza tangu asubuhi, na Lakiri alikwisha kulizunguka mara tatu bila kuligusa. Nje mvua ilinyesha polepole, ile mvua isiyo na haraka ya kwenda popote, na ingawa ilikuwa saa nne tu, taa ya ofisini ilikuwa imewashwa.

Lakiri halikuwa jina lake. Alipoanza kazi katika bohari ya vifurushi ya posta, miaka ishirini na mitatu nyuma, kazi yake ilikuwa kuyeyusha lakiri nyekundu na kuziba midomo ya mifuko ya barua. Siku hizi mifuko inafungwa kwa plastiki, naye alipanda mpaka akawa mkaguzi wa malalamiko, lakini jina lilikuwa limekwisha kumganda. Wengine hawakujua kama ana lingine.

Ndani ya boksi mlikuwa na mguu wa bandia. Mguu wa kushoto wa mwanamke, wa kuvaliwa chini ya goti: juu kikombe cha plastiki cha kuingizia kigutu, katikati bomba jepesi la bati gumu, chini wayo wa mpira uliovalishwa soksi ndefu ya kahawia. Kikombe kilikuwa kimepasuka kutoka ukingoni mpaka kitakoni, na bomba limelala upande kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Fomu ya malalamiko ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyezoea mistari iliyonyooka. Mlalamikaji alikuwa fundi cherehani. Alieleza kwamba mume wake alikileta kifurushi nyumbani siku ya Jumanne ya wiki iliyopita, saa sita mchana, kikiwa kimefungwa, wakakifungua pamoja, wakaukuta mguu katika hali hiyo. Mwishoni aliongeza maneno ambayo fomu haikumwomba: *Huu ni mguu wa pili. Wa kwanza nao mliuleta umevunjika, mkanilipa, nikaagiza mwingine. Nashona kwa cherehani ya kukanyaga. Naomba mnieleze nimewakosea nini.*

Lakiri aliyasoma maneno yale mara mbili, kisha akaigeuza fomu ikalala kifudifudi.

Meneja wa bohari aliingia bila kubisha. Alikuwa na haraka zake. Alisema ameangalia zamu: mguu wa kwanza ulipita mikononi mwa Kombora, na wa pili pia. Barua ya kumwachisha kazi imekwisha kuchapwa, inasubiri ripoti ya mkaguzi tu, na aipate kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kombora alikuwa mpangaji wa vifurushi, mtu wa miraba minne, na jina alilipata kwa sababu alikuwa na tabia ya kurusha mizigo kutoka mkokoteni mmoja hadi mwingine, akishangiliwa na wenzake. Lakiri alimkuta nyuma ya bohari, amekaa juu ya gunia tupu, amesimamishwa kazi lakini bado anakuja kila asubuhi kwa kuwa hakuwa amemwambia mke wake.

Alimuuliza kama analikumbuka boksi refu. Akalikumbuka. Alimuuliza kama alilirusha. Hapo Kombora akainamisha kichwa, akayatazama maji yaliyokuwa yakikusanyika kati ya viatu vyake.

"Dada, sikulirusha. Liliniponyoka."

"Kutoka wapi?"

"Kiunoni. Bega hili halishiki tena. Lina miezi minane."

Akaeleza kwamba alificha. Mpangaji asiyeweza kunyanyua, nani atamweka? Kila kitu kizito alikibeba kwa mkono wa kushoto, na siku ile wa kushoto ulikuwa umechoka. Boksi lilianguka kwa ubapa, sakafuni, likatoa sauti. Mwenzake mmoja aliona. Lakiri alimuuliza kuhusu boksi la kwanza, la miezi mitatu iliyopita, akasema hilo hakumbuki kabisa, na hata kama angekumbuka, nani angemwamini?

Lakiri aliandika yote katika kijitabu chake. Aliandika pia habari za bega, kisha akabaki ameishika kalamu, akijua kwamba neno likishaingia kwenye kijitabu kile huwa halitoki.

Mchana alilibeba boksi mpaka kwa mtengeneza miguu.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya plasta na gundi. Miguu na mikono ilining'inia darini kwa kamba, kila mmoja na kikaratasi cha jina. Mwenyewe alikuwa mzee mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliupokea mguu ule kwa mikono miwili.

"Mara ya pili, binti yangu," alisema. "Hebu niambie, huko kwenu mnavipigia ngoma vifurushi?"

Lakiri akamwambia kwamba liliangushwa kutoka kiunoni, kwa ubapa. Mzee akanyoosha mkono, akateua mguu mwingine uliokuwa umekamilika, akauinua juu ya kichwa chake, akauachia. Uligonga sakafu, ukaruka, ukatulia. Akauokota akampa. Haukuwa hata na mkwaruzo.

Akamweleza kwamba kikombe kama kile kinabeba mwili mzima wa mtu kila hatua, kwa miaka. Hakipasuki kwa kuanguka. Ili kukipasua namna ile lazima uubane mguu upande mmoja, usisogee, na uvute upande wa pili kwa nguvu zako zote.

Lakiri aliivuta soksi chini. Ilikuwa imevutwa juu vizuri mno kwa mguu uliovunjika njiani, mpaka karibu na kikombe, kama mtu aliyevalishwa kwenda kuzikwa. Chini yake, kwenye bomba, palikuwa na alama: vijistari vingi vidogo vinavyokatana, upande huu na upande ule, vinatazamana. Katikati ya alama za upande mmoja palikuwa na doa laini, la ukubwa wa ukucha, lisilo na vijistari.

"Jiliwa," alisema mzee. Akamwonyesha lake, lile bano la chuma lililofungiwa mezani, ambalo fundi hukazia kitu ili kisicheze. Lakini meno ya jiliwa lake yalikuwa yamefunikwa kwa ngozi, ili yasiume kazi. Lililouma bomba hili lilikuwa la chuma kitupu, na meno yake mengine yalikuwa yamevunjika.

Ndipo alipoligeuza boksi, akaita kwa sauti ndogo. Alikuwa na desturi yake, alisema, tangu ule mguu wa kwanza. Akishafunga boksi kwa selotepu, anapiga mstari mmoja wa wino mweusi unaovuka mwungano, kutoka upande mmoja wa boksi hadi wa pili, juu ya selotepu. Sasa mstari ulikuwepo, lakini nusu mbili hazikukutana. Moja ilikuwa imepanda juu ya nyingine kwa upana wa kidole, na juu yake palikuwa na selotepu ya pili, ya rangi ileile.

Boksi lilikuwa limefunguliwa, likafungwa tena.

Lakiri alirudi akitembea kwa miguu, mwavuli mkono mmoja, boksi kwapani. Kombora alikuwa na meza ya chuma nyuma ya bohari, na juu ya meza ile, kama alikumbuka vizuri, palikuwa na jiliwa la kunyooshea magurudumu ya mikokoteni. Alilikumbuka vizuri. Aliinama akapapasa meno yake. Yote yalikuwa mazima. Alinunua mche wa sabuni ya kufulia dukani ng'ambo ya barabara, akaukata vipande, akakibana kimoja katikati ya jiliwa, akakitoa: vijistari kila mahali, bila doa. Alikifunga katika gazeti na kuandika tarehe.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye dirisha la vifurushi la tawi, ambako wateja huchukua mizigo yao. Mama wa dirishani alikuwa mtu wa makamo asiyependa kuharakishwa. Alifungua daftari la makabidhiano, akalamba kidole, akatafuta. Kifurushi kilichukuliwa na mume wa mteja. Saini hii hapa. Siku, Jumatatu. Saa, kumi alasiri.

"Si Jumanne?"

"Jumanne sikuwepo, mama. Nilikuwa kliniki. Huu ni mwandiko wangu."

Lakiri alimuuliza kama aliona mstari mweusi juu ya boksi. Aliuona, hata alimuuliza yule bwana ni wa nini, naye akasema hajui. Aliupitishia kidole mwenyewe, kama anavyofanya kwa kila selotepu, maana tangu vitu vianze kuibiwa amejifunza. Ulikuwa umenyooka, mrefu, haukukatika. Alikumbuka kitu kingine pia. Yule bwana alikipakata kifurushi, akasimama nacho pale kwenye ngazi muda mrefu, mvua ikimnyea, kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwao.

Kwa hiyo mguu ulitoka posta ukiwa salama. Kati ya Jumatatu saa kumi na Jumanne saa sita kulikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja, na ndani ya muda huo mstari ulikatika.

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa mwisho wa kichochoro chembamba, ukuta wake umeota ukungu wa kijani mpaka usawa wa dirisha. Alimpokea Lakiri akiwa amekaa kwenye kiti karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwembamba, mikono yake haitulii: ilikuwa ikikunja na kukunjua pindo la gauni. Magongo mawili yaliegemea ukutani, mbali kidogo na mahali ambapo angeweza kuyafikia.

Mume alikuwa mtu mpole. Alileta kiti, akakipangusa, akaleta maji kwenye glasi, akamwekea mkewe mto mgongoni bila kuombwa. Majirani, alivyosikia Lakiri njiani, walikuwa wakimtaja kama mfano. Tangu ajali ile, miaka miwili sasa, alikuwa akimbeba mkewe kutoka kitandani hadi kitini, kitini hadi bafuni, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Pikipiki ilikuwa yake, na siku ile ndiye aliyekuwa akiendesha. Hilo majirani walilisema kwa sauti ya chini.

Lakiri alimwomba mke asimulie siku ya Jumanne. Alisimulia vilevile kama alivyoandika. Mume aliongeza neno hapa na pale. Lakiri hakumuuliza yeye chochote. Aliomba tu kuona mahali anapofanyia kazi, kwa kuwa alisikia anatengeneza pampu za maji, na bohari ilikuwa na pampu iliyokufa.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kikigusana na ukuta wa chumba cha mke, dirisha likiwa katikati. Jiliwa lilikuwa mwisho wa meza. Lakiri alitoa kipande cha sabuni mfukoni.

Mume alimwona akifanya hivyo na hakumzuia. Alisimama mlangoni, mvua nyuma yake, akatazama sabuni inavyoingia kati ya meno ya chuma, na mkono wa mkaguzi unavyozungusha mpini, nusu mzunguko, basi. Lakiri aliitoa, akaipeleka mwangani. Vijistari. Na katikati, upande wa kulia, doa laini la ukubwa wa ukucha.

Alitoa pia karatasi aliyokuwa ameiweka juu ya bomba na kuisugulia penseli, akaviweka viwili hivyo juu ya meza, kimoja kando ya kingine. Katika kazi yake alijifunza kwamba kuna wakati ambapo neno la mkaguzi humpa mtu kitu cha kubishana nacho.

"Na ule wa kwanza?" Lakiri aliuliza.

"Pia."

"Ulichukua Jumatatu."

"Nilichukua Jumatatu. Nikauficha humu." Alizungumza taratibu, kama anayesoma orodha ya vifaa. "Sikukusudia. Nilitaka kuuona tu. Nikauona ulivyo mzuri."

"Ukauvunja kwa kuwa ni mzuri?"

Mume akaketi juu ya ndoo. Alisema kwamba kabla ya ajali mkewe alikuwa amekwisha kufunga sanduku. Asubuhi ileile. Walikuwa wamegombana wiki nzima, naye alikubali kumpeleka kituo cha basi kwa pikipiki, ili aende kwa dada yake na asirudi. Sanduku lilikuwa limefungwa nyuma. Barabara ilikuwa na maji.

"Hospitalini hakulitaja tena lile jambo," alisema. "Nami sikulitaja. Miaka miwili tumekaa vizuri, mama. Uliza mtu yeyote. Miaka miwili hajaniambia neno baya. Sasa akisimama?"

Lakiri alitazama dirishani. Kitambaa cha pazia kilikuwa kimesogea. Nyuma ya kioo, fundi cherehani alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amejishikilia kwenye ukingo wa cherehani yake, na uso wake ulionyesha kwamba amekuwa pale tangu mwanzo. Namna alivyotoka kitini hadi pale bila magongo, hakuna aliyesikia.

Mume aliinuka haraka kwenda kumshika. Mke akatikisa kichwa mara moja tu, naye akasimama alipokuwa.

Lakiri aliingia ndani peke yake. Alimkalisha, akamletea magongo akayaweka pajani mwake. Mwanamke hakulia. Alisema kwamba Jumatatu jioni alilisikia jiliwa. Lina mlio wake, linalia likikazwa. Kisha akasikia kitu kinapasuka. Alijiambia ni pampu ya mtu.

"Ulijua, mwanangu?"

"Nilitaka iwe posta," alisema. "Nilikaa nikaandika ile fomu usiku kucha, nikiomba iwe posta."

Lakiri alimweleza mambo yalivyo, bila kuyapamba. Yeye Lakiri akiandika ukweli, bohari haitalipa, kwa hiyo hakuna mguu wa tatu. Tena huenda wakadai walichomlipa kwa ule wa kwanza. Asipoandika, kuna mtu ana watoto wanne na bega bovu, na Ijumaa anapewa barua. Hakumwomba achague, kwa sababu ripoti ilikuwa ya mkaguzi, na mkaguzi alikwisha kuamua pale alipoiona sabuni. Alitaka tu asije akaisikia kwa mtu mwingine.

Mwanamke aliomba kalamu. Aliandika chini ya fomu yake ileile, kwa mwandiko uleule ulionyooka, kwamba ameondoa malalamiko, kwamba posta haikumkosea, na kwamba anamwomba radhi mfanyakazi aliyehusishwa. Akatia saini. Kisha akaomba jambo moja: mguu upelekwe kwa fundi aliyeutengeneza, aone kama kuna cha kuokoa, lakini ubebwe na Lakiri. Yule bwana asiuguse.

Boksi lilikuwa ushahidi, lilibidi libaki bohari. Lakiri aliuchukua mguu siku iliyofuata ukiwa mtupu, akauvingirisha kwa koti lake, akapita nao barabarani katika mvua, wayo umechomoza kwapani, watu wakimpisha njia.

Ripoti ilikuwa na kurasa nne. Aliandika yote kwa sababu yote yalitokea: mstari, saini, sabuni, na pia boksi lililoponyoka, na bega lililoliponyosha. Meneja aliichana barua ya kwanza. Wiki mbili baadaye alichapa nyingine, fupi, ya heshima, inayosema kwamba kwa sababu za kiafya mpangaji hataendelea. Kombora alipita ofisini kuaga. Alimshukuru Lakiri kwa kumsafishia jina, akampa mkono wa kushoto, na Lakiri akaupokea bila kujua aangalie wapi.

Mtengeneza miguu alichukua mwezi na siku kadhaa. Wayo ulikuwa mzima. Bomba alilibadilisha, kikombe alikimimina upya, na malipo alisema watazungumza na mwenyewe magauni yakianza kushonwa. Hakuuamini mkono wa posta tena, akaupeleka mwenyewe. Aliporudi alipitia kwa Lakiri, akaketi, akafuta miwani yake kwa muda mrefu kabla ya kusimulia.

Alimkuta mwanamke chumbani peke yake. Mume alikuwa amehamia kibandani, analala humo kwenye mbao kati ya pampu zake. Walikuwa wakisalimiana. Mzee alimvalisha mguu, akamfunga mikanda, akamwonyesha jinsi ya kuweka uzito. Mwanamke akasimama. Akapiga hatua moja, akashika ukuta, akapiga nyingine. Alipofika katikati ya chumba alimwomba mzee atoke nje, kwa kuwa hakutaka kutazamwa.

Mzee alitoka, akajikinga mvua chini ya mabati ya kibanda. Mume alikuwa mezani, nyundo mkononi, hapigi kitu. Wote wawili walisikiliza. Ndani, sakafuni, wayo wa mpira ulikuwa ukigusa chini, kimya, ukigusa tena.

"Yule mume hakuniuliza chochote," alisema mzee. "Ila mwishoni. Aliniuliza, amefika mlangoni?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo. Amefika."

Lakiri aliinuka akaenda kuzima taa, maana mchana huo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, dirisha lilitosha.